Kunguru Wamgomea Pechiyammal

Kwetu huku chini ya milima, mtu akifa ndipo anapopandishwa cheo. Akiwa hai ni mvivu, mbishi, mzigo kwa watu. Akishachomwa pale kando ya mto Tamiraparani, kesho yake ni mhenga wa ukoo, tena mhenga mwenye hasira. Esakkimuthu naye alipandishwa hivyo hivyo, ingawa maisha yake yote kazi aliyoifanya kwa bidii ilikuwa kulalamikia chakula cha mkewe.

Mkewe ni Pechiyammal, jirani yangu. Anasuka maua ya asumini kwenye lango la hekalu, na mimi nakaa ubavuni kwake nauza bisi za mchele ambazo mahujaji huwarushia samaki watakatifu wa mto wetu. Vidole vyake havipumziki, na mdomo wake ndio usiseme. Mteja akinung'unika kwamba maua yameanza kunyauka, humjibu, "Basi mmeendana, mama. Chukua."

Mwaka wa mwisho wa mumewe, daktari alisema presha imepanda: chumvi basi, na samaki mkavu asimsogelee kabisa. Pechiyammal akaishika amri hiyo kama askari jela. Kifurushi cha samaki mkavu akakificha juu ya kabati, na kila mchana mtaa mzima tukapata burudani ya bure.

"Unanilisha majani kama mbuzi!"

"Mbuzi hana presha. Kula."

Siku moja Esakkimuthu akaisukuma sahani, akaapa kwamba hali tena chakula cha mkono wa mwanamke huyu. Jioni ile akafa. Mkaidi yule, neno moja tu alilowahi kulitimiza ndilo hilo.

Msibani Pechiyammal hakulia. Watu wakasema mengi, maana kusema hakuna kodi. Mimi aliniuliza jambo moja tu, macho yake kwenye maua.

"Dada, unadhani aliondoka na kinyongo?"

"Yule? Kinyongo alizaliwa nacho!"

Hakucheka. Nikajuta kufungua mdomo.

Ikaja siku ile ya mwezi wa Adi ambapo mwezi hupotea kabisa angani, nasi huwalisha wafu wetu. Unaoga mtoni, unasomewa na kuhani, kisha unamwekea kunguru wali kwenye jani la mgomba, kwa kuwa marehemu wako huja kwa umbo lake. Akila, marehemu ameridhika, nanyi mnaweza kula. Akikataa, hakuna kula, na midomo ya watu ndiyo inayoshiba. Sasa niambieni jamani: milima yote imeshuka ngazi za mto tangu alfajiri, kila ukoo na jani lake, na kunguru ni wale wale. Kufika katikati ya asubuhi hata kuruka hawawezi, wanatembea kwa miguu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini nani kwetu atawaza hivyo? Kila mtu anaamini aliyekasirika ni marehemu wake.

Kwa kuwa Pechiyammal hakujaliwa mtoto wa kiume, ibada iliongozwa na shemeji yake, Sudalaimani. Huyu alimpenda sana kaka yake, alikuwa akija kumwona kila alipohitaji kuazima baiskeli. Akalitandaza jani: wali, dengu, boga, uji mtamu wa maziwa, vyote vimepikwa na Pechiyammal, vyote safi, bila nyama wala samaki. Tukawaita kunguru kwa mlio wao, "Kaa! Kaa!" Kunguru mmoja akaja kwa mwendo wa mwenye nyumba, akatazama, akapangusa mdomo kwenye ukingo wa jani, akaenda zake.

Sudalaimani akapaza sauti, ili hata walio ng'ambo ya mto wasikose.

"Umeona, shemeji? Ulimnyima akiwa hai, sasa naye hakitaki chako!"

"Kunguru ameshiba, Sudalai," nikasema.

"Shangazi, wewe uza bisi. Ya wafu tuachie wenyewe."

Tukaita mpaka koo zikakauka. Hakuja hata mmoja. Pechiyammal alisimama palepale, macho kwenye jani. Kisha akasema polepole, "Ana haki ya kukasirika." Iliniuma sana. Heri angenitukana.

Akageuka, akashika njia ya nyumbani. Nikamfuata. Sudalaimani naye akafuata, kwani njaa ilikuwa inamkata na ruhusa ya kula hana. Alipoingia jikoni tukakaa barazani, na haikupita muda harufu ikatufikia. Lo! Samaki mkavu! Siku ambayo mji mzima haugusi hata yai! Kile kifurushi cha juu ya kabati, kumbe hakukitupa. Amekipika kwa ukwaju na pilipili, na chumvi ametia kwa mkono wa mtu aliyechoka kusemwa.

"Umerukwa na akili? Leo siku takatifu!"

"Shemeji, huyu ndiye kaka yako ninayemjua mimi. Wewe kule mtoni ulimwita nani?"

Akapanda juu ya paa, jani mkononi, nasi nyuma yake. Hata hakupata nafasi ya kuita. Kunguru mmoja mwenye shingo iliyonyonyoka akatua kwa kishindo, akanyakua kipande cha samaki, akameza, akarudia.

"Kaka!" Sudalaimani akaunganisha viganja. Utakatifu wa siku alikuwa ameshausahau.

Nilidhani Pechiyammal atafurahi. Alikuwa amesimama na upawa wake, akimtazama kunguru. Kunguru alipokivamia kipande kingine, akashindwa kujizuia.

"Polepole, we bwana! Chumvi hiyo! Presha yako umeisahau?"

Kisha akaketi hapo hapo juu ya paa, akalia kile kilio ambacho hakukilia msibani.

Kunguru alimtupia jicho moja, akamgeuzia mgongo, akaendelea kula. Hapo ndipo na mimi nikaamini kwamba ni yeye.