Valizi Nyuma ya Mlango

Kule Uvira nilifundisha filozofia darasa la mwisho la sekondari, na wanafunzi waliniita Prof. Nilipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hilo jina nilikuwa nalo bado, kwa sababu njo kitu pekee ambacho askari hawakukitaka. Bibi yangu, tuliyeoana naye hapa kambini, alilitumia akitaka kunichokoza.

Ugonjwa wangu ulikuwa valizi, begi langu la safari. Kila jioni, kabla ya nsima, ugali wa huku, nilipanga nguo zangu zote ndani yake, juu naweka diploma, nafunga zipu, naisimamisha nyuma ya mlango. Asubuhi nilitoa shati limekunjamana hata shemasi akaniuliza kama nililala shambani. Bibi yangu akitoa nguo, mimi nazirudisha. Alipouliza sababu, nilimweleza kwa sauti ya mbele ya ubao kwamba mwanadamu ni kiumbe wa safari. Akasema basi na yeye ataanza safari yake, aende kwa kaka yake mtaani Mtandire, na asirudi. Hapo filozofia ikanikaukia mdomoni. Nikakubali kupelekwa kwa daktari wa akili Lilongwe.

Daktari wa kwanza alisoma maswali yake bila kuinua macho. Je, nasikia sauti za watu nisiowaona? Nikasema ndiyo, nakaa Dzaleka, ukuta ni udongo, jirani akikohoa nampa pole. Je, naamini kuna watu wananifuata waniue? Nikamuuliza, kwa sasa, au tangu vita ianze? Hakucheka. Mimi nilijiona mwerevu ajabu. Akaniandikia vidonge, na kweli vikanilaza: nilikoroma katikati ya mahubiri, mdomo wazi, mate yakishuka kwenye tai. Lakini valizi niliifunga vilevile. Siku moja, kwa kusinzia, nilifungia na sahani ya jirani.

Safari ya pili bibi yangu akasema anakuja kusikia mwenyewe. Tukamkuta daktari mwingine, kijana aliyesomea Dar es Salaam, Kiswahili chake kimenyooka hadi nikakionea aibu changu. Nilimvamia kabla hajakaa vizuri. Nikasema ninyi kazi yenu ni kuhesabu dalili, mnampa mtu jina la ugonjwa na hamjui anaishi katika dunia gani. Ilikuwa hotuba nzuri, nilisubiri karibu nipigiwe makofi. Yeye akafunga faili.

"Haya, mwalimu. Unapofunga lile begi, unakuwa wapi?"

Masikini mimi! Nilidai swali hilo mwenyewe kwa kelele zote zile. Nilifungua mdomo nitaje uwepo na utupu, yakatoka mengine. Nikasema nakuwa uani kwetu Uvira. Risasi zinakaribia, watu wanakimbia, na sisi hatujafunga kitu chochote. Mama ananiambia nimngoje, anachukua nguo kidogo za njiani. Anaingia ndani. Bomu linaangukia nyumba, mimi nimesimama uani mikono mitupu. Nikamwambia daktari kwamba kila jioni nafunga mapema, ili mama asiwe na kitu cha kurudia ndani. Nikalia palepale, Prof mzima, kamasi na yote.

Daktari akapunguza vidonge, akasema nirudi tuongee zaidi habari za mama. Ugonjwa hakuutaja jina. Nilikuwa nimejiandaa kulibishia hilo jina, sasa nikabaki sina wa kubishana naye.

Tulitoka kwenda kutafuta lifti ya kurudi kambini. Tumekaribia mtaa wa Area 49, bibi yangu anatembea mbele yangu, hageuki nyuma. Nikadhani ananionea aibu kwa kulia mbele ya watu. Kumbe yeye ndiye alikuwa analia, anajifuta na ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Nikamuuliza kuna nini.

"Nguo zako tu njo zilikuwa mule," akasema. "Mi nilikuwa nazani unajitayarisha kuniacha. Kila siku nikienda kuchota maji, naogopa kurudi nyumbani."