Ombi Lililofika Mara Mbili

Pale hospitali walimwita Chapuchapu, na jina lenyewe alilipenda. Ndiye aliyetengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa, na kurasa zake hazikujua kukawia. Karani wa mapokezi akibonyeza kitufe, programu hupeleka ombi kwenye hifadhidata inayotunza majina ya wagonjwa, kisha huendelea na shughuli nyingine huku ikingoja jibu. Jibu likichelewa kidogo tu, hukata tamaa na kupeleka ombi upya.

Majina ya wagonjwa yakaanza kujitokeza mara mbili. Chapuchapu alipoulizwa kikaoni, hata kompyuta hakufungua, akamtupia karani mzigo: yule mama hana subira, anabonyeza kama anayepiga ngoma. Watu wakacheka. Karani, mama mtu mzima, alikusanya karatasi zake. Haukupita muda akahamishiwa stoo ya mafaili, chini ya jengo.

Majina pacha hayakukoma. Chapuchapu akasema karani mpya bado anajifunza.

Kisha akamleta mama yake mzazi kupimwa macho. Mtandao ulikuwa unasuasua. Akiwa kwenye dirisha la mapokezi alimwona karani mpya akibonyeza mara moja tu. Mama akaitwa, akaingia, akatoka. Akaitwa tena. Muuguzi akamkemea kwamba anarudi foleni kwa ujanja.

"Mwanangu, nimekosea wapi?" mama akauliza.

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Ombi la kwanza lilikuwa limefika. Jibu ndilo lililokwama njiani. Programu ikadhani ombi limepotea, ikapeleka la pili, na hifadhidata ikayapokea yote mawili kama wagonjwa wawili.

Kurekebisha hakukumsumbua. Aliiongezea programu muda wa kungoja, na kila ombi akalitia alama yake, ili likirudiwa lisiandikwe tena. Kilichomwelemea ni zile ngazi za kushukia stoo.

Alimkuta karani akipanga mafaili, vumbi hadi kwenye nyusi. Akamweleza yote, macho sakafuni, akaomba radhi.

"Ulinisingizia mbele ya watu, mwanangu," karani alisema. "Mbona radhi unaniletea huku chini?"

Kwenye kikao kilichofuata Chapuchapu alisimama, akasema kosa lilikuwa lake, na kwamba alimpaka mwenzake matope bila kuchunguza. Hakuna aliyecheka.

Karani alirudishwa mapokezi. Kila asubuhi Chapuchapu humwamkia, naye huitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.