Sita Iliyoandikwa Kabla ya Lori

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa namba sita. Niliiandika kwa chaki kwenye ubao wa ayeeyo, bibi yangu, sokoni Takaba, karibu na mpaka wa Ethiopia. Niliifuta na kuirudia mara tatu mpaka tumbo lake likawa duara kamili. Sijawahi kuandika sita nzuri kama ile.

Niliikumbuka juzi hapa Garissa, macho yakiwa yamechoka kwa kompyuta. Nilijifundisha mwenyewe kutengeneza majedwali, na watu huniletea kazi ndogondogo. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo alitaka orodha ya birr ya Ethiopia ilivyobadilishwa kwa shilingi yetu, siku kwa siku, miaka yote ya nyuma. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Nimeifanya wiki nzima, maana ndivyo nilivyo: nikiona nafasi tupu kwenye safu, moyo unanienda mbio. Basi nivumilie nikurudishe Takaba kidogo.

Ayeeyo alikuwa sarifle, yaani mbadilisha fedha. Alikaa chini ya kipande cha bati kando ya soko la mifugo, sanduku la chuma mapajani, birr upande mmoja, shilingi upande mwingine. Asubuhi palinukia vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa moshi, na mikate ya anjera ya jirani ikiiva. Kengele za mbao za ngamia ziligonga polepole, kama za mtu asiye na haraka ya kufika. Kazi zangu zilikuwa mbili: kumletea maji ya kutawadha, na kuandika ubao. Yeye hakujua kusoma maneno, ila namba alizijua, na hesabu aliifanya kichwani upesi kuliko mwalimu wetu.

Ubao haukuandikwa mpaka lori lifike. Lilitoka mpakani na vitunguu na mahindi, na dereva alitangaza bei ya birr kwa sauti kabla hata ya kushuka. Kabla ya hapo, ubao ulikaa mtupu. "Namba ya jana ni maziwa ya jana," ayeeyo alizoea kusema. "Nusa kwanza, ndipo umpe mgeni."

Siku hiyo lori lilichelewa. Ayeeyo alikuwa amekwenda kwenye nyumba yenye msiba, akaniachia ubao na sanduku lililofungwa kwa kufuli. Jua likapanda. Watu walipita wakiutazama ubao, nami nikaona wananitazama mimi, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa asijue jibu. Birr ilikuwa shilingi sita jana, sita juzi, sita wiki nzima. Nikaandika sita.

Ndipo akaja jirani yetu, mama niliyemwita eeddo, shangazi, ingawa hatukuwa ndugu wa damu. Alikuwa anauza ngamia wake wa pekee. Mnunuzi alitoka ng'ambo ya mpaka na alikuwa na birr tu, elfu tano. Binti wa eeddo alikuwa amepata nafasi ya sekondari huku Garissa, na mama huyo alihitaji shilingi elfu thelathini, zisipungue hata kidogo.

"Warya, mwalimu mdogo," akanitania, "hiyo namba umeiandika au umeipaka hina ya harusi?"

"Ni sita, eeddo."

"Una hakika?"

"Wallahi, sita."

Niliapa. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Akamshika mnunuzi mkono chini ya shuka, wakapatana bei kwa vidole kama ilivyo desturi ya soko letu, na ngamia akaondoka.

Lori lilifika adhuhuri, ayeeyo akiwa ndiyo kwanza amerudi. Dereva hakupiga kelele. Alishuka akamwambia taratibu kwamba serikali ya ng'ambo imeshusha birr. "Sasa ni tano, mama."

Eeddo alikuwa amesimama pale na furushi lake. Elfu ishirini na tano. Hakulia. Alikaa mchangani akasema, "Na yule ameshakwenda na ngamia wangu."

Watu wakajaa. "Futeni hiyo sita upesi!" mchuuzi mmoja akasema. Mwingine akasema neno la mtoto halimfungi mtu mzima.

"Nani aliandika?" ayeeyo akauliza.

"Mimi."

"Ulinusa?"

Nikatikisa kichwa.

"Ubao ni wangu," akawaambia watu. "Umesema sita. Ni sita." Akafungua sanduku, akamhesabia eeddo shilingi elfu thelathini, akapokea zile birr. Niliuona upande wa shilingi ukiisha mpaka chuma kikaonekana.

Upande huo haukujaa tena. Birr alizopokea ziliendelea kushuka, na kabla ya mvua ayeeyo alikuwa anauza chai palepale, mikono ikinuka tangawizi badala ya noti. Hakunipiga wala hakulitaja tena kosa lile. Ila siku nilipomwandikia bei ya chai kwa mwandiko wangu wa fahari, alisema tu, "Hata ukiandika vibaya, andika ya leo."

Katika jedwali langu nimeitafuta adhuhuri ile. Namba za benki zipo, na desimali zake ndefu. Bei ya Takaba haipo popote. Ilikuwa chaki, na chaki hufutwa. Kuna siku nyingine ambazo hata za benki sikuzipata. Yule mfanyabiashara wa mifugo aliponiuliza mbona nafasi hizo ni tupu, nilimjibu, "Sijui bado."

Ayeeyo ameshafariki. Binti wa eeddo ni muuguzi hapa Garissa. Birr siku hizi haifiki shilingi moja, na kila mtu huiona kwenye simu yake bila kusubiri lori. Mimi nisichokijua sikiandiki.