Mama Vichaka Akataa Jembe

“Shangazi, na kama baba ndiye yuko sahihi?”

Msichana alinong'ona hivyo akiwa bado na mapengo ya meno, amejibanza nyuma ya sketi ya shangazi yake langoni. Mbele yao ukoo mzima umesimama na majembe. Shangazi alitanua mikono. Alikuwa na kazi moja tu: kuziba njia.

Malisho yale yako juu kabisa mlimani, pale miti inapokata tamaa ya kuota. Marehemu babu aliyagawa mapande mawili: moja la baba wa msichana, moja la shangazi. Kaka mtu aling'oa vichaka vyote pandeni kwake, akapanda nyasi aina moja tu, ndefu na laini. Dada mtu hakugusa hata tawi. Kwake vichaka vifupi, nyasi ndefu, nyasi ngumu na majani yanayotambaa vilibanana kama wageni kwenye mkeka mmoja. Watu wakambandika jina la Mama Vichaka ili aone haya. Yeye akatafuta rangi, akaliandika langoni kwa herufi kubwa.

Sasa ukoo ulikuja kukagua, na mwaka huo mvua ilinyesha hadi ikapitiliza. Nyasi za kaka zilifika kiunoni.

“Dada, macho si unayo?” kaka alisema. “Kwangu ng'ombe anazama. Kwako anatafuta majani kama anatafuta sindano. Ng'oa, ama pande hili nilichukue mimi.”

“Kwako kuzuri,” alijibu. “Leo.”

“Si leo ndiyo tunakula?”

“Basi kula, kaka, ushibe. Anayetaka kichaka changu aanze kuning'oa mimi. Nami nina mizizi!”

Baba mdogo akashindwa kuzuia kicheko, akatua jembe. Wengine wakarudi wakinung'unika kwamba mwanamke huyu ana kichwa cha jiwe.

Miaka mingi iliyofuata kaka aliendelea kumshinda, na hakuacha kumkumbusha. “Mama Vichaka, umeona?”

“Nimeona. Nawe endelea kuona.”

Kisha ukaja mwaka wa baridi kali na mvua ya kuonjeshwa. Nyasi za kaka zilikuwa za aina moja, zikafa kwa pamoja. Kwa shangazi nazo zile ndefu zilikufa, hakukuwa na muujiza. Lakini zile ngumu zilistahimili, na yale majani yanayotambaa, ambayo miaka ya mvua hufunikwa hata hayaonekani, yakapata nafasi yakatanda chini ya vichaka, ambako umande haukuganda. Maziwa yake hayakupanda, hayakushuka.

Kaka akaja na ng'ombe wenye mbavu nje. “Fungua, dada.”

“Soma lango kwanza.”

Akasoma, kwa sauti, shingo imemvimba. Lango likafunguliwa.

Msichana, sasa yuko sekondari, alikuwa akiwaswaga ng'ombe wa baba yake waingie. “Kwa hiyo baba alikosea siku ile ya majembe?”

“Mwaka ule baba yako alikuwa sahihi,” shangazi alisema, akimsukuma fahali aliyegoma. “Ndiyo maana nikasimama langoni. Mwaka mmoja haukuwa na haki ya kuniamulia miaka yote iliyobaki.”