Digrii Kumi za Valens

Valens Nizeyimana anachomelea chuma kule Gisozi, na ukimsikiliza utadhani vilima vya Kigali alivipinda yeye. Alinioa, tukamzaa Arnaud, kisha akahamia Kagarama kwa Natacha mwenye saluni. Mimi akaniachia mama yake, Béatha, ambaye miguu imegoma tangu apate kiharusi.

Mama Béatha hakuwa na tamaa kubwa. Alitaka kufika barabarani mwenyewe kwa kiti chake cha magurudumu, bila kuniita nimsukume kama mkokoteni. Ua wetu uko chini ya barabara kwa sentimita sitini, na langoni palikuwa na ngazi. Jirani yetu, mwalimu Uwineza, akachora njia ya mteremko ya kuwekwa juu ya ngazi hizo, akaandika pembeni: asilimia kumi, nasi tukampa Valens mchoro huo. Mimi sikwenda shule. Valens alikwenda, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Alikuja Jumamosi na njia ya chuma kwenye pikapu, Natacha amekaa mbele na miwani ya jua. Ilikuwa kama mita tatu na nusu.

"Mwalimu alisema mita sita," nikamwambia.

"Mama Arnaud, wewe pika. Nimepima pembe mwenyewe, digrii kumi kamili. Chuma kingine nimekiokoa."

Mama Béatha akashika magurudumu, akapanda kidogo, mikono ikatetemeka, akarudi chini. Akajaribu tena, ikawa vile vile.

"Kaza mikono, Mama," mwanawe akasema. "Uwe unakula vizuri."

"Nile nini, ulicholeta?"

Majirani wakacheka. Valens akampeleka mama yake kwenye benchi, akakaa kitini mwenyewe ili atuonyeshe. Alipofika katikati akageuka kumtabasamia Natacha. Kiti kikarudi nyuma, kikamwaga fundi wetu kwenye beseni langu la nguo. Nguo nilizifua upya, na sikunung'unika.

Mwalimu Uwineza alikuja na kamba ya kupimia, akapima bila haraka.

"Fundi, asilimia na digrii si kitu kimoja. Asilimia kumi ni hivi: ukienda mbele mita moja, unapanda sentimita kumi. Pembe yake haifiki hata digrii sita. Hii yako inapanda karibu sentimita kumi na nane."

"Kwa hiyo asilimia mia si ukuta?"

"Asilimia mia ni kwenda mita moja na kupanda mita moja. Hiyo ni digrii arobaini na tano. Ukuta bado uko mbali."

Valens akatazama viatu vyake vilivyolowa. Natacha akavua miwani, akamtazama pia.

Wiki iliyofuata Valens alileta kipande cha kuunga. Kimo cha kupanda kilibaki kile kile, lakini njia ilipokuwa ndefu zaidi, ililala. Hata mimi niliona.

Mama Béatha aliipanda polepole. Valens alimfuata nyuma amenyoosha mikono, Natacha akimpiga picha kwa simu.

"Toa mikono yako," mama akasema.

Alipofika juu, majirani wakampongeza Valens, wakimwita mtoto mwema. Miaka yote hii namwogesha mama yake, na hakuna aliyewahi kunipongeza. Mama Béatha akakata kushoto, kuelekea sokoni. Hakumuaga mtu. Hata mimi hakuniaga.