Mchicha Uliozama Chanzuru

Nilikuwa nimewaomba wakulima wa juu, milimani, wafunge mifereji yao kwa asubuhi moja tu, ili mto ufike kijijini Chanzuru, huku bondeni, ukiwa umejaa. Kwetu mgeni hakaribishwi kwenye ua usiofagiliwa. Nikaona na mto nao ufagiliwe.

Wageni walikuwa wataalamu wanne wa nchi jirani, ambayo tunatumia nayo mto mwingine, wa mpakani. Kwa miaka mingi kila upande ulificha vipimo vyake vya maji. Walikuja kuona jinsi wakulima wa juu na wa chini wanavyogawana maji. Wakiridhika, tungeanza kupeana vipimo. Mimi, mwenyeji na mkalimani wao, nilijua hatungepata nafasi nyingine kabla kiangazi hakijakolea.

Tulikuta maji yakienda kwa kishindo. Kiongozi wao, mzee mpole, akatabasamu na kuanza kuandika. Ndipo mama mmoja mkulima alipopanda ukingoni, kanga imelowa hadi magotini, mkononi ana mafungu ya mchicha yaliyong'oka na mizizi yake. Alikuwa ameupanda kando ya mto, pale ambapo maji yalikwishakauka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwanangu, ndiyo umesoma chuo kikuu ili uje kuuogesha mchicha wangu?”

Wenzake nyuma yake wakacheka. Mmoja akadakia, “Waambie hao wageni waje kila siku basi, na sisi wa chini tupate maji!”

“Wanasemaje?” mzee akaniuliza kwa Kiingereza.

 Ningeweza kusema wanamkaribisha, na hakuna ambaye angenisahihisha. Mama alinikazia macho, mchicha ukichuruzika maji. Nikatafsiri yote, kisha nikakiri kwamba aliyefungisha mifereji ni mimi.

Mzee akafunga daftari. Tulirudi Kilosa mjini. Garini nilikuwa nikitunga kichwani barua ya kuacha kazi.

Alfajiri mzee alinigongea mlango, yuko peke yake. “Twende. Usimpigie mtu simu.”

Chanzuru, maji hayakufika hata kwenye vifundo vya miguu. Mama alikuwa akiinua matuta yake upya. Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua kichwa. Mzee akasoma nguzo ya kupimia maji, akaandika. Kisha akafungua kurasa za nyuma za daftari lake na kuanza kunisomea, polepole, kina cha mto wa mpakani kama walivyokipima wao.

Sikuwa na karatasi. Niliandika kiganjani.