Sauti ya mke wangu inatoka kwenye deki moja tu, na deki hiyo inakufa

Admin, usitaje jina langu wala mtaa wangu. Andika Nakuru, inatosha. Mimi ni mzee wa miaka sabini na nne, mwalimu mstaafu. Wafuasi wako wengi ni vijana, na najua wengine watacheka wakisikia mtu wa umri wangu anaogopa kubonyeza kitufe. Wacheke, lakini wasome hadi mwisho.

Zamani kwetu kulikuwa Molo. Huko nilinunua deki ya kaseti kwa meneja wa shamba la pareto aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Msiifikirie kama redio-kaseti ya dukani. Ni chuma kizito, haina spika yake bali huunganishwa na amplifaya, na kichwa cha kunasa na kichwa cha kusoma utepe vimekaa pamoja ndani ya kasha dogo, ili ujisikie papo hapo unapojirekodi. Nilipenda kuipima kwa kimya. Nilikuwa nikiweka kaseti tupu, nafungua sauti hadi mwisho, na sisikii hata mvumo wa mota.

Tulipofukuzwa Molo wakati wa machafuko ya mwaka wa tisini na mbili, niliifunga kwa blanketi na kuipandisha kwenye lori la viazi. Njiani gunia liliiangukia. Tulipofika Nakuru niliiwasha, ikalia, nikashukuru. Sikujua kwamba kile kichwa cha kunasa na kusoma kilikuwa kimepinda kidogo, labda upana wa unywele.

Siku hizo watu wetu walikuwa wakitumiana salamu kwa kaseti, hasa kwa wazazi wasiojua kusoma. Mke wangu, nimwite Mama Eunice, aliketi mbele ya deki hiyo katika chumba chetu cha kupanga na kumsalimia mama yake aliyekuwa Busia. Alimweleza kila tulichoacha. Akataja ng'ombe kwa majina, akataja mti wa plamu nyuma ya jikoni, akasema, "Mama, usilie, Baba Eunice yuko hapa, ananitazama kama polisi." Kwenye kaseti unanisikia nikicheka. Kabla hatujapata wa kumtuma, mama yake alifariki, na kaseti ikabaki kwetu.

Mwaka jana Mama Eunice alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakaisha. Kwa miezi alikuwa akinitazama tu. Ndipo nikaikumbuka ile kaseti. Nilipoiweka, alijisikia, na midomo yake ikaanza kufuata. Siku moja alitoa neno: "Mama." Daktari anayemfundisha kuongea aliniambia nisiache kabisa. Tangu hapo, kila jioni baada ya chai, ananyoosha kidole kuelekea deki. Sasa ana maneno kama kumi, na yote ameyatoa humo.

Juzi sauti yake ya kwenye kaseti ilizama. Ilianza kuwa nzito kama ya mwanaume, ikavutika, ikakoroma. Mama Eunice alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Macho yake yalikuwa ya mtu anayejiona akifa. Nilizima, nikafungua mlango wa deki, nikakuta utepe umejisokota kwenye kigurudumu cha mpira kinachouvuta. Nilitumia kalamu na vidole, nikautoa polepole. Haukukatika, lakini una mkunjo, na mkunjo uko pale anaponitaja.

Niliazima redio-kaseti ya jirani. Ikacheza bila kukwama, lakini sauti ilitoka kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Mama Eunice alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa. Hakuitambua sauti yake.

Nikamwita fundi. Aliifungua deki pale mezani, akanusa, akagusa mipira inayozungusha mashine ndani, kidole kikatoka kimepakwa weusi kama lami.

"Mzee, hii ni mashine ya maana, motor iko sawa kabisa," alisema. "Lakini hizi mipira zimeyeyuka. Na hii kichwa imepinda. Nikiinyoosha italia kama siku ilitoka kiwandani."

"Na kaseti yangu?"

"Hiyo ilirekodiwa na hii kichwa ikiwa tayari imepinda. Nikinyoosha, itasikika vile ulisikia kwa jirani."

"Basi badilisha mipira tu. Kichwa usiguse."

"Kufikia mipira lazima nitoe hiyo plate yote, mzee. Kichwa kitasonga. Nitajaribu kukirudisha hapo hapo kwa kusikiliza, lakini siwezi kukuapia. Ni kaseti gani hiyo kwani, ya gospel?"

Nilimwambia ni ya mke wangu. Akafunga mfuniko, akakataa hata nauli.

Eunice, binti yetu, anasema, "Dad, unajisumbua. Icheze mara moja vile iko, mimi nirekodi na simu, tumalize." Lakini hiyo mara moja ndiyo inayonitoa jasho. Mpira ukiteleza tena na utepe ukatike, nitakuwa nimemnyamazisha mimi mwenyewe kwa kidole changu. Nikimpa fundi kwanza na kichwa kikasonga, tutabaki na kaseti nzima na mke asiyejijua.

Tangu juzi nikifika mbele ya deki narudi bila kubonyeza. Jana aliponyoosha kidole nilimwambia stima imepotea. Friji ilikuwa inanguruma nyuma yangu. Alitazama balbu, akanitazama mimi, akashusha mkono. Leo asubuhi nilimsalimia, naye akafungua mdomo akitafuta neno "Baba," ambalo wiki iliyopita alikuwa nalo. Halikuja.

Naandika haya nikiwa jikoni. Chai imeiva, na namsikia akigonga kikombe kwa kijiko, ndivyo anavyoniita siku hizi. Ninyi mnaojua mashine, na ninyi mliowahi kuuguza mtu asiye na maneno, nisaidieni kabla sijaingia huko ndani: nianze kwa kumpa fundi deki, ama nianze kwa kurekodi kaseti kwa simu?